Wawili, siku mbili, mji mmoja: nani aliilipia likizo ya Desemba?

Kila Desemba inapoingia, picha zinazotufikia kutoka Ulaya ni zile zile. Mke na mume, au wachumba, wamevaa makoti mazito na kofia za sufu, pua zimekuwa nyekundu kwa baridi, kila mmoja kashika kikombe kinachofuka mvuke. Nyuma yao kuna vibanda vya mbao vyenye taa, na nyuma ya vibanda kanisa la mawe lenye mnara mrefu. Ijumaa jioni walipanda ndege au treni, Jumapili usiku wanarudi, Jumatatu asubuhi wako kazini kama kawaida. Mji unaweza kuwa Nuremberg, Strasbourg, Vienna, Prague au Tallinn. Picha haibadiliki.

Ukiwauliza, watakwambia wamekwenda kuona mila ya kale ya Wazungu. Sawa, kuna ukweli. Lakini ndugu msomaji, historia ina tabia moja mbaya: ukiigusa kidogo tu, inaanza kuongea. Na mimi kwa kazi yangu ya uandishi nimezoea kuuliza swali lile lile la kila siku: nani alilipa?

Hebu tufikiri pamoja. Ili wawili hawa wasimame pale na vikombe vyao, vilihitajika vitu vinne. Kwanza, sherehe ya kwenda kuiona. Pili, siku mbili ambazo bosi hana haki nazo. Tatu, chumba cha kulala ambacho mwenye nyumba hatawaita polisi. Nne, mpaka unaopitika. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichodondoka kutoka mbinguni.

Tuanze na sherehe yenyewe.

Mwaka 1434 mtawala wa Saxony, Frederick wa Pili, aliupa mji wa Dresden kibali cha kufanya soko la siku moja kabla ya Krismasi. Soko la nini? Taa? Midoli? Hapana, nyama! Kanisa wakati ule liliwataka waumini wafunge katika majuma ya kungojea Krismasi, kwa hiyo siku ya kufungua watu walihitaji kitoweo. Mji wa Bautzen, hukohuko mashariki ya Ujerumani ya leo, ulikuwa umeshapata kibali cha soko la nyama la namna hiyo mwaka 1384. Kwa maneno mengine, babu wa hili soko la mahaba ni bucha.

Na mfungo ule haukuwa wa mchezo. Hata siagi ilikatazwa. Mkate mtamu wa Krismasi wa Dresden, ambao leo watalii wanaununua ukiwa umejaa siagi, zabibu na sukari, zamani ulipikwa kwa mafuta na ulikuwa mkavu. Watawala wa Saxony waliandika Roma kuomba ruhusa, na mwaka 1491 Papa Innocent wa Nane akawaruhusu watumie siagi, ila kwa malipo. Naam, kibali cha siagi! Anayedhani urasimu ulianza na serikali zetu za Afrika asome habari hii mara mbili.

Strasbourg ni hadithi nyingine. Hapo palikuwa na soko la Mtakatifu Nikolasi, mwanzoni mwa Desemba. Kisha yakaja mageuzi ya Martin Luther, na Waprotestanti hawakutaka kuona watoto wakipewa zawadi kwa jina la mtakatifu. Mwaka 1570 baraza la mji, likisukumwa na mhubiri Johannes Flinner, likalifuta soko la Nikolasi na badala yake kukawa na soko la Mtoto Kristo. Wafanyabiashara hawakugoma. Walibadili jina la mtakatifu wakaendelea kuuza mishumaa. Biashara haina dhehebu.

Wenzao wa Uingereza walikuwa wakali zaidi. Bunge la Uskoti liliifuta likizo ya Krismasi mwaka 1640. Bunge la London likafuata mwaka 1647 kwa kupiga marufuku Krismasi, Pasaka na Pentekoste kwa pamoja, kwa hoja kwamba hazimo katika Biblia na kwamba watu wanazitumia kulewa. Desemba ya mwaka huo huo watu wa Canterbury walifanya fujo kubwa mitaani kwa sababu meya aliagiza maduka yafunguliwe siku ya Krismasi. Fikiria: watu wanapigana ili wasifungue maduka! Uingereza ilirudishiwa sikukuu yake pale mfalme aliporudi mwaka 1660. Waskoti walibaki na msimamo wao. Kwa wengi wao tarehe 25 Desemba iliendelea kuwa siku ya kazi mpaka mwaka 1958. Ndiyo maana furaha yao yote waliielekeza kwenye mkesha wa Mwaka Mpya, ambao wao huuita Hogmanay, na ndiyo maana leo wawili wakitaka kukesha barabarani kusubiri mwaka mpya huambiwa waende Edinburgh. Sherehe maarufu ya watalii imezaliwa na marufuku ya wachungaji.

Sasa twende Nuremberg, maana huko ndiko historia inakokaba koo.

Soko la Krismasi la Nuremberg ndilo maarufu kuliko mengi. Hufunguliwa Ijumaa ya kabla ya Jumapili ya kwanza ya majilio na hufungwa tarehe 24 Desemba. (Anayepanga kwenda tarehe 26 atakuta uwanja mtupu, asije akasema hakuambiwa.) Ushahidi wa zamani kabisa wa soko hilo ni kisanduku cha mbao chenye maandishi ya mwaka 1628, kilichotumwa kama zawadi kutoka sokoni. Kisanduku hicho kipo mpaka leo katika makumbusho ya taifa ya Wajerumani, mjini hapo hapo.

Lakini uwanja ni mkubwa kwa umri kuliko soko. Uwanja huo mkuu, ambao wageni wanapigia picha, ulikuwa mtaa wa Wayahudi. Tarehe 5 Desemba 1349, mkesha wa Mtakatifu Nikolasi, wenyeji waliwavamia majirani zao Wayahudi wakaua watu wasiopungua 562. Mfalme Karl wa Nne alikuwa ameshatoa idhini nyumba zao zibomolewe ili mji upate uwanja wa soko. Mahali pa sinagogi likajengwa kanisa la Bikira Maria, lile lile zuri linaloonekana nyuma ya vibanda katika kila picha. Si siri, habari hii imeandikwa katika vitabu vya mji wenyewe. Tatizo ni kwamba hakuna anayekwenda kula soseji akiwa na kitabu.

Karne zikapita, soko likachoka. Karne ya 19 lilihamishwahamishwa, likaondolewa uwanja mkuu, likaonekana kitu cha kizamani. Nani alilirudisha? Shikilia kiti chako. Ni Wanazi. Desemba 1933, mwaka ule ule walioingia madarakani, serikali ya mji chini ya meya Willy Liebel ililirudisha soko katika uwanja mkuu, ambao ulikuwa umeshapewa jina la Adolf Hitler. Walibuni sherehe rasmi ya ufunguzi: binti aliyevaa kama malaika wa Krismasi akasimama juu na kusoma salamu kwa wananchi, kengele zikalia, watoto wakaimba. Nuremberg ilikuwa mji wa mikutano mikuu ya chama chao, na walitaka ionekane kama mji wa Ujerumani ya kale isiyo na doa.

Vita vikaja, soko likafungwa. Januari 1945 mabomu ya Waingereza yakauangusha karibu mji mkongwe wote. Mwaka 1948, katikati ya vifusi, soko likafunguliwa tena. Salamu mpya zikaandikwa, na kazi ya malaika akapewa mwigizaji wa kike. Tangu 1969 malaika huyo huchaguliwa miongoni mwa wasichana wa mji wenye umri wa miaka 16 hadi 19, kwa kipindi cha miaka miwili.

Unaona mtego ulipo? Sherehe inayoonekana ya tangu na tangu, ile ya binti wa nywele za dhahabu kusimama kanisani juu, ilibuniwa mwaka 1933 na watu wabaya kabisa. Je, basi ni haramu? Mimi nasema hapana. Kitu kikibuniwa na mwovu kinaweza kunyang'anywa. Mwaka 2019 mji ulimchagua binti ambaye baba yake anatoka India. Tawi moja la chama cha AfD kinachopinga wageni likaandika maneno ya kumkejeli. Wenyeji kwa maelfu wakasimama upande wa binti yao, chama kikafuta maneno yake na kuomba radhi, na binti akapanda juu akasoma salamu zake. Miaka 86 baada ya Liebel, kwenye uwanja ule ule. Hiyo nayo ni historia.

Masoko haya yamekuwa pia shabaha ya wauaji. Desemba 2016 lori liliendeshwa kati ya watu Berlin. Desemba 2018 mtu mwenye bunduki aliua watano Strasbourg. Desemba 2024 gari liliingizwa sokoni Magdeburg. Ndiyo maana leo ukiingia unapita kati ya mapande makubwa ya zege. Na ugonjwa wa korona ulifanya kile ambacho hakuna muuaji aliyeweza: mwaka 2020 na 2021 Nuremberg haikuwa na soko kabisa.

Basi, sherehe tumeipata. Tuje kwenye siku mbili.

Mfanyakazi wa kiwanda cha Ulaya miaka ya 1800 hakuwa na wikiendi. Alikuwa na Jumapili, na Jumapili ilikuwa ya kanisa na kufua. Uingereza ilianza kulegeza kwa sheria ya viwanda ya 1850, iliyotaka viwanda vya nguo visimame saa nane mchana siku ya Jumamosi. Nusu siku! Na mara tu nusu siku ilipopatikana, reli ikajua la kufanya nayo. Thomas Cook alikuwa ameshaonyesha njia Julai 1841, alipowapeleka watu wapatao 500 kwa treni kutoka Leicester hadi Loughborough kwa shilingi moja kila mmoja. Walikuwa wanakwenda kwenye mkutano wa kupinga ulevi. Nadhani angeshangaa kuona wajukuu wa biashara yake wakiwapeleka watu kunywa divai ya moto.

Malipo wakati wa likizo yalichelewa zaidi. Ufaransa ilibidi wafanyakazi wapatao milioni mbili wagome na kukalia viwanda mwezi Mei na Juni 1936, ndipo serikali ya Léon Blum ikapitisha sheria ya majuma mawili ya likizo yenye malipo na saa 40 za kazi kwa wiki. Kiangazi hicho vijana walioana na wasiooana walionekana barabarani wakiendesha baiskeli za watu wawili kuelekea baharini, wengi wao kwa mara ya kwanza maishani. Kama kuna picha moja ya mwanzo wa likizo ya wapenzi wa kawaida, si matajiri, basi ni hiyo: wawili, baiskeli moja, na hati ya nauli nafuu ya reli mfukoni. Uingereza ikafuata na sheria yake ya likizo yenye malipo mwaka 1938.

Na Jumamosi nzima je? Ujerumani Magharibi iliipata baada ya vita. Mei Mosi 1956 vyama vya wafanyakazi vilianza kampeni kwa bango la mtoto mdogo anayesema kwamba siku ya Jumamosi baba ni wake. Bango lile liliwashinda matajiri wa viwanda kwa sababu hakuna bosi anayependa kubishana na mtoto. Kwa hiyo wawili wetu wanapofunga kompyuta Ijumaa jioni na kukimbilia uwanja wa ndege, wanakula matunda ya migomo ambayo hata majina ya waliogoma hawayajui. Na tukumbuke kwamba mhudumu anayewajazia vikombe Jumamosi usiku hayuko kwenye wikiendi hiyo.

Sasa chumba. Hapa najua wengine mtatabasamu.

Tunajua sisi wenyewe kitabu cha wageni cha gesti: jina, kabila, unatoka wapi, unakwenda wapi. Ulaya nayo ilikuwa na yake. Uingereza mpaka mwaka 1937 sababu pekee iliyokubalika kwa kawaida ya kuvunja ndoa ilikuwa uzinzi. Wanandoa waliochokana kwa amani walifanyaje? Mume alikwenda hoteli ya pwani, Brighton kwa mfano, na mwanamke wa kukodi. Mara nyingi walikaa wakicheza karata usiku kucha. Asubuhi mhudumu aliwaletea chai, akawaona kitandani, na kesho yake akawa shahidi mahakamani. Kwa hiyo katika nchi hiyo wawili kulala hoteli usiku mmoja ilikuwa karatasi ya talaka kabla ya kuwa likizo.

Ujerumani Magharibi ilikuwa na sheria dhidi ya kuwezesha uasherati. Mwenye nyumba au hoteli aliyewapa chumba wawili wasiooana aliweza kushtakiwa, na hata mzazi aliyemruhusu mchumba wa binti yake kulala nyumbani. Mwaka 1954 mahakama ya juu ya nchi hiyo iliamua kwamba hata wachumba waliokwishavishana pete hawakuwa na ruhusa. Sheria hiyo ilirekebishwa na kuondolewa makali mwaka 1973. Elfu moja mia tisa sabini na tatu! Wapo wazee wengi Nuremberg leo ambao ujana wao ulipita wakati chumba cha hoteli kwa wachumba kilikuwa kosa la jinai.

Lakini kuna sheria mbaya zaidi ya hizo, nayo imebeba jina la mji huo huo. Septemba 1935, wakati wa mkutano wa chama chao Nuremberg, Wanazi walitangaza sheria zilizowavua Wayahudi uraia na kupiga marufuku ndoa na mapenzi kati yao na Wajerumani wengine. Muda mfupi baadaye marufuku ya ndoa ilitafsiriwa kuwahusu pia watu weusi na Waroma.

Na hapa, ndugu msomaji, historia inarudi nyumbani Dar es Salaam.

Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Akiwa bado mtoto alitumikia jeshi la Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, sambamba na baba yake askari. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ya jeshi ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Hakulipwa. Akabaki huko, akijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alikuwa mhudumu katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe katikati ya Berlin, mahali ambapo wapenzi wa mji huo walikwenda kula, kunywa na kucheza muziki. Alifundisha Kiswahili chuo kikuu. Aliigiza katika filamu. Januari 1933 alimwoa mwanamke wa Kijerumani, na siku chache baadaye Hitler akaingia madarakani.

Mwaka 1941 polisi wa siri walimkamata kwa tuhuma za uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Hakupelekwa mbele ya hakimu. Alipelekwa kambi ya Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin, na huko akafa tarehe 24 Novemba 1944. Mwalimu wa Kiswahili. Aliyekwenda kudai mshahara wake. Mwaka 2007 jiwe dogo la shaba lenye jina lake liliwekwa kwenye njia ya waenda kwa miguu mtaa wa Brunnenstraße, Berlin.

Nimeiweka habari hii hapa makusudi, katikati ya taa na biskuti. Wawili kushikana mikono katika mji wa Ulaya, mmoja mweusi na mwingine mweupe, leo ni picha ya kawaida ya Desemba. Husen alikufa kwa jambo hilo hilo.

Tumalizie na mpaka.

Juni 14, 1985, wawakilishi wa nchi tano (Ubelgiji, Ufaransa, Luxembourg, Uholanzi na Ujerumani Magharibi) walitia saini makubaliano wakiwa ndani ya boti katika mto Moselle, jirani na kijiji cha Luxembourg kiitwacho Schengen. Machi 1995 ukaguzi wa pasi mipakani ukaanza kuondolewa kweli. Huku nyuma, mwaka 1994, njia ya reli chini ya bahari iliunganisha London na Paris. Sheria za soko huria la anga, zilizoanza 1993 na kukamilika 1997, zikaruhusu shirika lolote la ndege la Umoja wa Ulaya kuruka popote ndani ya umoja huo. Novemba 1995 easyJet ikaanza safari zake kutoka Luton. Nauli zikaporomoka. Mwaka 2002 zikaja noti za yuro. Tarehe 21 Desemba 2007, siku nne kabla ya Krismasi, nchi tisa zaidi ziliingia katika eneo la Schengen, miongoni mwao Jamhuri ya Cheki, Poland na Estonia. Ghafla Prague, Kraków na Tallinn zikawa safari ya Ijumaa jioni.

Miji nayo haikulala. Strasbourg ilijitangaza rasmi kuwa mji mkuu wa Krismasi mwaka 1992. Wengine wakafuata. Uingereza, ambayo haikuwa na mila hiyo, ikaingiza masoko ya Kijerumani, na Birmingham ikaleta wachuuzi kutoka Frankfurt. Kwa hiyo likizo ya wikiendi ya wapenzi katika soko la Krismasi, kwa umbo tunaloliona, haina hata miaka 40. Kijana wa umri wangu ni karibu rika lake.

Ila mpaka uliofunguliwa kwa ndani ulikazwa kwa nje. Wachumba wa Lyon wakitaka kwenda Nuremberg wanahitaji tiketi tu. Wachumba wa Morogoro au Kisumu wanahitaji viza, na tangu Juni 2024 ada yake ni yuro 90 kwa kila mtu mzima. Wawili ni 180, na hairudishwi hata wakinyimwa. Ongeza bima ya safari, taarifa za benki, barua ya mwajiri, na uthibitisho kwamba watarudi. Yaani wanatakiwa kuthibitisha kwamba kweli ni siku mbili! Swali lile la kitabu cha gesti, unatoka wapi na unakwenda wapi, halijafutwa. Limehamia ubalozini.

Na sasa angalia ndani ya kikombe. Divai ile ya moto imechemshwa na maganda ya machungwa, mdalasini na karafuu. Zama za kati karafuu zilifika Nuremberg kwa njia ya Venice, zikitoka visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo, na ndizo zilizoupa mji huo umaarufu wa biskuti zake za viungo. Karne ya 19 mambo yakageuka. Mashamba ya Unguja na Pemba, chini ya masultani, yakaitawala biashara ya karafuu duniani, na wafanyabiashara wa Hamburg walikuwa na ofisi zao Zanzibar. Miji yao ilitia saini mkataba wa biashara na Sultani mwaka 1859. Karafuu hizo zilichumwa na watumwa waliotolewa bara. Sheria ya kuwaondolea hali ya utumwa ilikuja Aprili 1897 chini ya Sultani Hamoud bin Mohammed, na wengi walioachiwa huru waliendelea kuchuma katika mashamba yale yale kwa sababu ardhi haikuwa yao. Harufu ambayo Mjerumani anaiita harufu ya Krismasi, bibi wa Pemba anaiita harufu ya jamvi lililoanikwa uani. Karafuu zetu zilipita mpaka zamani sana bila viza.

Sisemi watu wasiende. Kinyume chake! Aliyebahatika kupata nafasi, mwenye mwenzi wa kumshika mkono, aende na afurahi, maana siku mbili zile zilipiganiwa na watu wengi sana ili tabasamu lake liwezekane. Ila akifika Nuremberg, kabla ya kupiga picha, aliangalie lile kanisa na akumbuke tarehe 5 Desemba. Akipita Berlin, atafute lile jiwe la Brunnenstraße, ainame asome jina. Na anayetaka, amsalimie mzee wetu kwa Kiswahili. Alikuwa anakifundisha.

Wenye masimulizi ya wazee waliofanya kazi mashamba ya karafuu, au waliosoma zaidi habari za Husen, karibuni tujadili. Wenye picha za Desemba pia karibuni, ila msitutamanishe mno, huku kwetu joto ni kali.